Una kisukari? Muhogo haujakatazwa, angalia kipimo

Ukiishi Kibaha au Kisarawe ukaambiwa una kisukari, ushauri wa mtaani unakuja haraka: acha wali, acha muhogo, kula dona tu. Wengi hujaribu wiki mbili, wanachoka, wanarudi kula kama zamani na sukari inapanda tena.

Ukweli ni kwamba vyakula vya Pwani unaweza kuendelea navyo. Kinachobadilika ni kiasi na mpangilio wa sahani.

Utamu sio kipimo

Muhogo, wali, ugali na ndizi vyote ni wanga. Ukishaliwa, wanga hugeuka glukosi na kuingia kwenye damu. Gramu 100 tu za muhogo uliochemshwa zina wanga wa gramu 30 hivi au zaidi. Ndio maana mtu anakunywa chai bila sukari, lakini muhogo aliokula nayo unampandisha.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi zaidi. Lakini nayo ni wanga. Ukila bonge kubwa la dona, sukari itapanda tu.

Gawa sahani yako hivi

• Nusu: mboga, kama mchicha, matembele, bamia au kisamvu.
• Robo: maharage, kunde, samaki, dagaa au kuku.
• Robo: wanga, kiasi cha ngumi yako.

Chagua wanga mmoja kwa mlo. Ukila muhogo, wali uache hadi siku nyingine. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri, na tui liwe jepesi, maana tui zito lina mafuta mengi.

Msimu wa embe ukifika, kula vipande vichache badala ya juisi. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko 8 vya chai au zaidi.

Usiruke mlo

Hapa ndipo penye hatari. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, kushinda shambani au barabarani bila kula kunaweza kushusha sukari chini ya milimoli 4 kwa lita. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa.

Ukiziona, kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo ukitoka nyumbani, beba sukari kidogo mfukoni.

Kabla ya kufunga Ramadhani, muone daktari mapema, kwa sababu muda na kiasi cha dawa huenda vikabadilishwa. Mwenye tatizo la figo pia apate ushauri wake, maana mgawanyo huu wa sahani unaweza usimfae.

Ukienda kliniki, iwe Hospitali ya Tumbi au hospitali ya wilaya Kisarawe, nenda na daftari. Andika ulichokula, saa ngapi, na sukari ilisomaje. Daktari akiona hayo, atakushauri kwa chakula unachokula kweli nyumbani kwako. Na dawa usiache kwa sababu tu unajisikia vizuri.