Nani Bingwa? Rekodi Tano za Afya kwa Vipimo vya Kibuye

Jumapili pale sokoni Kibuye, hapa Kisumu, kila bei ina mshindani: ukiuziwa shati la mtumba kwa mia, wa pili anakuita kwa themanini. Basi tuyashindanishe na mataifa vivyo hivyo, kwa vipimo vyetu wenyewe.

1. Aliyeishi kuliko wote

Jeanne Calment wa Ufaransa: miaka 122 na siku 164! Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, bibi huyu alikuwa na miaka 26. Alifariki Agosti 1997, na hakuna aliyethibitishwa kumpita.

2. Taifa lenye maisha marefu

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, mtoto wa Japani alitarajiwa kuishi miaka 84 hivi, wa Kenya 66, na wa Lesotho, mkiani kabisa, 51. Lakini ngoja uone medali ya pili. Katika ile 84, Mjapani anaishi na afya njema miaka 74; kumi inaliwa na maradhi na ulemavu. Mkenya anapoteza minane hivi. Kwa hiyo bingwa wa kuishi anatushinda hata kwa kuugua, na rekodi hiyo sisi hatuionei wivu.

3. Mnyama muuaji kuliko wote

Simba akae kando, na kiboko wa ziwani pia. Ni mbu. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, takriban thuluthi moja yao Nigeria. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 397,957 mjini Kisumu. Yaani ufute mji mzima, Kondele, Nyalenda, Milimani na Kibuye yenyewe, kisha ufute nusu yake tena.

Hapa ndipo kanda ya ziwa inapoingia uwanjani. Mwaka 2010, kati ya watoto 100 waliopimwa kwetu, 38 walikuwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2020 walikuwa 19. Nusu, ndani ya miaka kumi!

Sifa nyingi ziende kwa chandarua chenye dawa. Kati ya 1996 na 1999 kilijaribiwa katika vijiji 221 vya Asembo na Gem, Siaya, na vifo vya watoto vikapungua. Kilichowashangaza watafiti zaidi ni majirani: hata nyumba zisizo na chandarua, zikiwa ndani ya mita 300 za wenye navyo, zilipata kinga, kwa sababu mbu wenyewe walikuwa wanakufa. Mita 300 ni viwanja vitatu vya mpira vikifuatana. (Ndiyo, fuoni bado utaona chandarua kimetandazwa mchangani, omena wakikauka juu yake. Kwa kazi hiyo hakuna medali.)

4. Kaunti iliyoelemewa zaidi, na jibu lililotoka jirani

Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliipa Homa Bay nafasi ya kwanza ambayo hakuna aitakaye: watu wazima 19.6 kati ya kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi, mara nne ya wastani wa Kenya wa 4.9. Kisumu ilifuata kwa 17.5.

Lakini Kisumu ilikuwa imeshajibu. Vijana 2,784 walijitolea kwa jaribio la tohara, katika jamii ambayo kwa jadi haitahiri wanaume. Wapakie kwenye matatu za watu 14: zinajaa 198, na ya 199 inaondoka na viti viwili vitupu. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Miezi michache baadaye, Machi 2007, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa maoni yangu, hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka mji huu.

5. Ugonjwa unaokimbilia kaburini kwa kasi

Mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 uliwasumbua watu wapatao milioni 3.5, sawa na kaunti nzima ya Kisumu mara tatu. Mwaka 2023 wagonjwa wa dunia nzima walikuwa 14. Matatu moja! Hakuna chanjo wala tiba iliyofanya kazi hiyo; ni kuchuja maji ya kunywa na kumzuia mgonjwa asiingie bwawani. Kenya ilithibitishwa kuwa haina ugonjwa huo mwaka 2018.