Saa Haikusubiri Uvae Viatu

Kijana wa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, hahitaji kufundishwa kukimbia. Baiskeli pia anaijua, walau ile ya kubebea mitungi ya maji. Kinachomkwamisha kwenye triathloni ni mambo mawili: kuogelea, na zile dakika chache za kutoka mchezo mmoja kuingia mwingine. La kwanza linataka pesa. La pili linataka bidii tu.

Mchezo huu ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mshindani huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40, kisha hukimbia kilomita 10. Wanaoanza hushiriki nusu ya hapo. Saa haisimami kamwe: kuvua miwani ya kuogelea na kutafuta kiatu, vyote vinahesabiwa.

Eneo la kubadilishia lina sheria kali. Kofia ngumu hufungwa kidevuni kabla ya kuiondoa baiskeli mahali pake. Baiskeli husukumwa hadi mstari wa kupandia. Ukiipanda mapema, unaadhibiwa. Ukirudi, shuka kabla ya mstari, irudishe mahali pake, ndipo ufungue kofia.

Haya yote hufanyiwa mazoezi hata kwenye uwanja mdogo wa ploti. Tandika taulo kando ya baiskeli. Kofia ikae juu ya usukani, imepinduliwa, mikanda ikiwa wazi. Toa kamba za viatu, tia lastiki ya fundi cherehani ili mguu uingie bila kufunga chochote. Nyunyiza poda ndani, kwa kuwa mguu uliolowa hukwama. Kisha jimwagie maji, kimbia kutoka langoni, na mwenzako ashike saa. Rudia kwa mpangilio uleule mpaka mikono isihitaji kuulizwa.

Zoea pia miguu mizito. Ukishuka kwenye baiskeli, mapaja hugoma kukimbia. Dawa yake ni kuunganisha: endesha kutoka Kawangware hadi Kikuyu, alikolelewa kimchezo mwendesha baiskeli Chris Froome chini ya kocha David Kinjah kabla ya kushinda Tour de France mara 4, kisha urudi na ukimbie papo hapo, hata kama ni kwa dakika 10 tu.

Maji yabaki kuwa deni la serikali. Bwawa la Nairobi, lililo ubavuni mwa Kibera, zamani lilikuwa na mashua za burudani. Gugumaji na maji taka yakalivamia. Hadi lisafishwe, au kaunti ijenge mabwawa ya kuogelea ya bei nafuu, walimu wa michezo waanze na duathloni: kukimbia, baiskeli, kukimbia tena. Nayo ina mabadiliko mawili. Kijana akiyamudu hayo leo, siku atakapopata maji atakuwa amebakiwa na somo moja tu.