Shilingi 20 za kuanzia: hesabu ya programu huria ukiwa Unyambwa

Kijana wa Unyambwa, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, akiuliza kuchangia programu huria kunagharimu kiasi gani, mara nyingi hupewa maneno ya kutia moyo. Sisi tumpe hesabu. Bei ya bando hubadilika kila kukicha, kwa hiyo tushike shilingi 2 kwa MB 1, yaani 2,000 kwa GB 1. Wewe weka bei unayolipa.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, kwa masharti ya leseni yake. Tayari unaitumia. Kila simu ya Android inategemea kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikitoa mwaka 1991 kikiwa na mistari 10,239. Leo imepita milioni 30. Takwimu za vituo vyetu vya afya nazo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zaidi ya 70.

Sasa bando. Ukipakua Linux pamoja na historia yake yote, andaa zaidi ya GB 2, hivyo zaidi ya shilingi 4,000 zimekwenda kabla hujagusa herufi. Ukiiambia Git, programu inayopakua msimbo na kufuatilia mabadiliko yake, ikuletee hali ya sasa tu bila historia, mzigo unashuka hadi MB mia chache. Amri hiyo ni maneno mawili ya nyongeza, --depth 1, na sijui kwa nini miongozo mingi huificha mwishoni, kana kwamba kila msomaji ana intaneti isiyopimwa. Mradi wa wastani ni mwepesi zaidi. Git yenyewe, kihariri cha msimbo, mradi na vifurushi vyake vyote, tukadirie MB 900: shilingi 1,800.

Kinachouma ni kompyuta. Tuseme umepata laptopu iliyotumika kwa shilingi 400,000, na itakutumikia miaka miwili. Hiyo ni kama 16,700 kila mwezi, mara tisa ya bando letu la kuanzia. Anayekuambia kikwazo ni intaneti peke yake hajapiga hesabu vizuri.

Ila si kila mchango unadai laptopu. Kurekebisha sentensi ya mwongozo kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi huria, kunafanyika ndani ya kivinjari cha simu, na kutafsiri programu kupitia tovuti ya Weblate vilevile. Tukiweka MB 10 kwa kikao kifupi, ni shilingi 20. Hapa ndipo mtu wa Unyambwa anapomzidi mhandisi wa San Francisco, kwa sababu Kiswahili anacho na mahali anapajua. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri, hata hivyo, ni kama shamba: toleo jipya huja na maneno mapya, na likikosa mpaliliaji Kiingereza huota tena katikati ya menyu. Ramani nazo ni hivyo hivyo. OpenStreetMap ni data huria, na mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayofurika. Njia ipi Unyambwa hukatika mvua zikikolea, setilaiti haisemi.

Gharama kubwa kuliko zote haionekani kwenye vocha. Ni muda, na si wako tu. Tuseme msimamizi wa mradi hutumia nusu saa kusoma badiliko la mgeni mmoja. Wageni 100 ni saa 50, zaidi ya wiki nzima ya kazi, na wasimamizi wengi hujitolea. Ilipogunduliwa kasoro ya Heartbleed mwaka 2014, ilibainika kwamba OpenSSL, programu huria iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilikuwa ikipokea michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka. Oktoba 2020 shindano la Hacktoberfest, lililotoa fulana kwa mabadiliko manne, lilileta mafuriko ya marekebisho ya ovyo, mtu akiongeza neno moja lisilo na maana. Waandaaji walibadili kanuni mwezi ukiwa bado unaendelea: mradi usiojiandikisha hauhesabiwi. Kwa hiyo badiliko dogo lenye maelezo wazi ya tatizo lina thamani zaidi kuliko kumi ya haraka haraka.

Malipo yapo, ila kwa wachache. Mpango wa mafunzo kazini wa Outreachy, unaolenga watu wasiowakilishwa vya kutosha katika teknolojia, hutoa dola 7,000 kwa miezi mitatu hivi. Kwa shilingi 2,500 kila dola, ni milioni 17.5. Mwombaji lazima kwanza awe amechangia mradi anaouomba, bila kulipwa, na hana uhakika wa kuchaguliwa. Usiuze kuku kwa kutegemea fedha hizo.

Fungua programu huria iliyomo simuni mwako, tafuta neno moja la Kiswahili lililokosewa, lirekebishe, kisha subiri jibu. Likichelewa wiki mbili, uliza mara moja kwa heshima.