Milima ya Uluguru Yadai Ujira Wake

Mfanyakazi wa Dar es Salaam afunguapo bomba alfajiri, anawe uso kabla ya kwenda kazini, ni nadra akumbuke kwamba maji yale yameanza safari yake katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi huigonga milima hiyo, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,600, yakamwaga mvua. Msitu huipokea. Majani huvunja kishindo cha matone, mboji huyanywa maji kama sifongo, kisha huyaachia polepole hata wakati wa kiangazi. Vijito huungana kuwa mto Ruvu, na Ruvu ndio uletao jijini sehemu kubwa ya maji yake.

Basi twauliza: kazi hiyo ina thamani gani?

Swali hili si la mzaha. Katika hesabu za kawaida mti huwa na bei siku ya kuangushwa tu. Mbao zina bei, mkaa una bei, hata shamba litakalobaki lina bei. Lakini mti uliosimama, usiku na mchana ukitunza maji ya mamilioni ya watu, umeandikiwa sifuri. Sisi wafanyakazi twaijua hesabu ya namna hiyo. Ndiyo ile ihesabuyo bidhaa na kuisahau mikono iliyoitengeneza.

Wataalamu wa uchumi wamejaribu kuirekebisha. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kwamba kazi za maumbile duniani kote zina thamani ya dola trilioni 33 kwa mwaka, hali pato la mataifa yote wakati huo lilikuwa kama dola trilioni 18. Wengi waliibishia hesabu hiyo, nasi pia twaitazama kwa mashaka. Nani atainunua dunia, na atamlipa nani? Twaipenda zaidi hesabu ya jiji la New York. Jiji hilo lilitakiwa kujenga mtambo wa kuchujia maji, ambao gharama yake ilikadiriwa kuwa dola bilioni 6 au zaidi. Likapima, likaona ni nafuu kutumia kama dola bilioni 1.5 kuitunza milima ya Catskill yatokako maji yake, pamoja na kuwasaidia wakulima wa huko wasiyachafue. Mapatano yakatiwa sahihi mwaka 1997. Hesabu hiyo hata mama auzaye maandazi aielewa: ukijua ungelipa kiasi gani kama kitu kisingekuwapo, umekaribia kuijua thamani yake.

Hapa kwetu nako yawezekana kuhesabu hivyo. Mlima ukivuliwa nguo, udongo hushuka na mvua. Maji hufika mtamboni yakiwa tope, na tope halisafishwi bila shabu nyingi na saa nyingi za kazi. Mwaka 2022 mvua zilipokosekana na Ruvu ukapungua, jiji liliingia katika mgao, na wapangaji wa vyumba wakanunua maji ya madumu kwa bei aliyoitaka muuzaji. Hatusemi kwamba ukame ule uliletwa na shoka. Twasema kwamba katika siku kama zile ndipo msitu huwa akiba.

Walakini kuna jambo ambalo mabingwa wa tarakimu hulipita haraka. Mlimani mna watu. Waluguru wameilima miteremko ile vizazi kwa vizazi, ardhi ikiwa mikononi mwa koo zao, na thamani ya maji ya jiji yaweza kugeuka mzigo juu ya migongo yao. Imekwisha kutokea. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, bila ujira, ili kuzuia mmomonyoko. Matuta yale yaliufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 watu wakakataa. Huko Matombo polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango nao ukafa.

Miaka kama hamsini baadaye, huko huko Uluguru, katika vijiji vya Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine. Wakulima waliochimba matuta na kupanda miti walilipwa, na baadhi ya fedha zilitoka kwa shirika la maji la Dar es Salaam. Jembe lile lile, mteremko ule ule. Tofauti ilikuwa hiari na ujira. Lakini ulikuwa mradi wa wafadhili, na mradi wa wafadhili una siku zake.

Sheria yataka atumiaye maji ya mto alipe ada kwa bodi ya bonde, na Ruvu una bodi yake, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami na Ruvu. Basi chanzo cha fedha kipo. Twadhani kila mwanachama anywaye maji ya bomba lile ana haki ya kuuliza tawini kwake: katika kila shilingi mia za ada hiyo, ni ngapi zipandazo mlimani hadi mkononi mwa mkulima aliyekubali kuuacha mteremko wake ukiwa na miti? Jibu lichapishwe kila mwaka, kwa tarakimu, magazetini na katika ubao wa ofisi ya kijiji cha huko juu.