Vikaragosi vya Simu na Tanga la Kibirichia

Siku hizi hapana baraza, iwe ya Mji wa Kale Mombasa, ya Lamu au ya Malindi, isiyolalamikia simu. Wazee wanasema vijana wamekuwa mabubu: vichwa wameinamisha, vidole vinacheza, na ukiwasemesha hukujibu nusu neno. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, wala sikusudii kuyapinga yote. Ila nauliza: kijana yule aliyeinama, ni bubu kweli, au anasema kwa lugha ambayo sisi hatujajifunza kuisikia?

Katika michezo ya simu, kila mchezaji hupewa umbo la mtu wa kuchorwa. Hulivika nguo, hulichagulia nywele, hulipa jina. Umbo hilo ndilo linaloingia katika ulimwengu wa mchezo kwa niaba yake, likakutana na maumbo ya wachezaji wengine walio mbali. Wazungu huliita avata, neno walilolichukua katika Kisanskriti, ambamo maana yake ni kushuka: yaani mungu wa Kihindu kushuka duniani kwa umbo la kiumbe. Mimi nitaliita kikaragosi. Neno letu hili hunikumbusha Karagöz wa Waturuki, yule mwanasesere wa ngozi aliyechezeshwa nyuma ya pazia lenye taa, na ambaye enzi za Masultani wa Istanbul alipendwa mno katika mikesha ya Ramadhani. Kwa kinywa cha Karagöz, mtu wa chini aliweza kuyasema yale ambayo kwa kinywa chake mwenyewe yangemtia mashakani.

Kikaragosi cha simu hakipigani tu. Hupunga mkono, hupiga makofi, hucheza ngoma, huketi, huinamisha kichwa. Vitendo vingine vijana huvinunua kwa pesa zao. Nilikuwa nikishangaa mtu atoe pesa yake ili mchoro upunge mkono, hadi nilipoyaona ya Kibirichia.

NILIYOYAONA BARA

Nilikwenda huko, katika nchi ya Wameru, kumzuru jamaa yangu mwenye duka. Kibirichia ni mji mdogo kaskazini mwa Mlima Kenya, nchi ya viazi na baridi. Mtu wa pwani hulala na blanketi tatu na bado akaitafuta ya nne. Mchana magunia ya viazi hupakiwa malorini, na jioni vijana waliochoka kubeba hukusanyika barazani pa duka, wakachaji simu zao na kucheza.

Miongoni mwao alikuwako kijana wa miaka kumi na minane au tisa aliyefiwa na babake mwezi mmoja nyuma. Mama yake, alipokuja kununua chumvi, alimnong'oneza jamaa yangu: "Huyu mtoto tangu tumzike baba yake hajatoa chozi. Ni simu tu. Sijui ana moyo wa namna gani."

Usiku ule, baada ya Isha, niliketi karibu na kijana. Mchezo wao ulikuwa wa vita, ambao watu huingia kwa vikosi vya wanne wanne. Nikaona kikaragosi chake kimekaa chini katikati ya uwanja, hakikushika silaha.

"Kijana wangu," nikamwuliza, "mbona mtu wako hapigani?"

Akanyamaza kidogo. "Mzee, huyo ni mimi. Siku ya kwanza kuingia baada ya mazishi nilikaa hivyo. Wenzangu wakauliza kuna nini. Nikawaandikia kwamba mzee wetu ameenda. Wakaja wote watatu, wakaweka bunduki chini, wakakaa na mimi. Maadui wakatupata hapo, wakatumaliza."

"Ni vijana wa hapa hapa?"

"Mmoja ni wa Maua, mwingine Nakuru. Na mmoja ni wa huko kwenu, Likoni. Sijawahi kuwaona kwa macho."

"Na nyumbani, ulikaa na nani?"

"Mzee, mimi nimeshatahiriwa. Mwanamume aliyetoka jandoni halii mbele ya mama yake."

Wasomaji, lile lilikuwa tanga. Sisi tunajua tanga ni nini: ni mkeka na watu, wala si lazima maneno. Vijana wanne wasiowahi kupeana mikono walilikalisha tanga lao katika uwanja wa vita, wakakubali kushindwa kwa ajili yake.

SISI TULITANGULIA

Asitokee mtu wa pwani akasema haya ni mambo ya kigeni. Kusema ya moyoni kwa kujificha nyuma ya kitu kingine ni fani yetu ya kale. Mwanamke aliyeudhiwa na jirani hakugombana mlangoni. Alikwenda Barabara ya Biashara, Mombasa, akachagua kanga yenye jina alilolitaka, akajifunga na kupita taratibu. Leso za Kaderdina Hajee Essak, zenye alama ya "Mali ya Abdulla", zimebeba salamu nyingi za mapenzi na za ugomvi kuliko barua za posta.

Na washairi wetu je? Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa waraka wake wa siasa, alitunga gerezani mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Humo mna shairi la mamba, na kila aliyelisoma alifahamu kuwa mamba yule hakai mtoni. Marehemu Shaaban Robert naye, katika kitabu chake cha mwaka 1951, aliibuni nchi nzima inayoelea angani, akaiita Kusadikika, akayaweka huko yale aliyotaka kuyanena juu ya dhuluma za duniani. Ikiwa Kusadikika si ulimwengu wa kubuni wenye watu wa kubuni na uchungu wa kweli, basi ni nini?

Hata hivyo tofauti ipo, nayo ni kubwa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kanga ilisomwa na jirani aliyekusudiwa. Mamba alifahamika. Lakini mama wa Kibirichia, ambaye si mjinga hata chembe, alikuwa akipita kila jioni mbele ya fumbo la mwanawe asijue kuwa limeandikwa.

KISA CHA NORWEI

Jambo kama hili limetokea hata Ulaya. Huko Norwei alikuwako kijana aitwaye Mats Steen, aliyezaliwa na maradhi ya kudhoofika misuli, akaishi katika kiti cha magurudumu. Alitumia maelfu ya saa katika mchezo wa World of Warcraft, ambamo kikaragosi chake, Ibelin, kilitembea na kukimbia. Alifariki mwaka 2014, umri wake miaka 25. Wazazi wake walikuwa wakihuzunika kwamba mtoto wao ameishi na kufa bila rafiki. Walipotangaza kifo chake, zikamiminika barua za watu wasiowajua. Huyu anasema Ibelin alimfariji alipokuwa na majonzi, yule anasema alimsaidia kupatana na mwanawe. Wengine walisafiri kutoka nchi za nje kuja mazikoni. Mwaka 2024 kisa hicho kilitolewa katika filamu, na wengi waliiona wakilia.

Pamoja na hayo, sitaki kupaka asali kila kitu. Pazia lile lile linalomsitiri mwenye huzuni humsitiri na laghai. Wako wanaovaa sura ya msichana ili wale mali za watu, na wako watu wazima wanaojifanya watoto ili wawapate watoto. Tena sura humgeuza hata aliyeivaa: mwaka 2007 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Nick Yee na Jeremy Bailenson, walionyesha kwamba waliopewa vikaragosi virefu walikuwa wakaidi zaidi katika kugawana pesa kuliko waliopewa vifupi. Mzazi aliye macho na aulize mwanawe anavaa sura gani, na kwa nia gani. Ama hukumu ya picha na michezo yenyewe, hiyo nawaachia masheikh zetu.

Lakini hili la mwanamume kutolia nalisema bila kusita, kwa kuwa nililisoma chuoni nikiwa mdogo: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi mbele ya masahaba alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Hapana aliye mwanamume zaidi yake.

Wazazi wa Mats waliyajua ya mtoto wao baada ya mauti. Mama wa Kibirichia alikuwa bado ana nafasi. Kwa idhini ya kijana mwenyewe nilimweleza niliyoyaona: kile kikaragosi kilichokaa chini, na wale watatu waliokuja kukaa nacho. Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya gunia.

"Kumbe alikuwa akilia mbele yangu," akasema, "na mimi namfokea azime simu."

Basi ndugu zangu, tusikimbilie kuzinyang'anya simu kabla ya kuuliza kilichomo ndani yake. Na nyinyi vijana, mkiketi na mwenzenu katika uwanja wa mchezo, mmefanya jambo jema. Lakini ikiwa nauli ipo, nendeni mkampe mkono. Maua si mbali na Kibirichia. Nami kama ilivyo ada yangu naufunga ukurasa kwa ubeti:

Kinyago chaweza lia, chozi halitamwagika,
Mkono wa kushikia, ndio unaotakika,
Sura ikikulilia, kwa mwenyewe hebu fika,
Nenda ukampe pia, bega la kuegemeka.