Mzimu na Simu: Ni Nani Atutishaye Zaidi?

Jumamosi moja nilikwenda soko la Kariokor kwa fundi wangu wa akala, nikakuta ubishi umepamba moto. Fundi, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alikuwa akishindana na mwalimu kijana wa shule ya upili juu ya waandishi wawili: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na Faraji Katalambulla wa Tanzania Bara. Walitaka kujua ni nani kati yao amnyimaye msomaji usingizi.

Mahali penyewe hapakukosa kunogesha maneno. Jina la Kariokor limetokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo, limetamkwa kwa ulimi mwingine tu.

Mzee alishika upande wa Abdulla. Kitabu akipendacho ni Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la 1957-58. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, na kabla ya Bwana Msa kuwasha kiko chake na kuanza kuuliza maswali, msomaji amekwisha kuamini kwamba mkono uliotenda haukuwa wa binadamu. “Mwalimu,” mzee aliniambia, “mimi niliposoma kitabu kile sikutoka nje usiku kwa siku tatu, hata haja niliizuia.”

Kijana alicheka. Kwake yeye, Abdulla ni mdanganyifu: hututisha kwa mizimu, kisha mpelelezi wake akatuthibitishia kwamba mizimu haikuhusika. Hata Kisima cha Giningi cha 1968, ambacho jina lake linatukumbusha mji wa wachawi wasimuliwao Unguja, mwishowe ni kazi ya akili za Bwana Msa. Simu ya Kifo ya Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, haina haja ya pepo. Hofu yaingia nyumbani kwa waya wa simu, na Inspekta Wingo anamsaka mtu wa mjini kama sisi. Kijana aliongeza kwamba siku hizi, simu ikiwa imo mfukoni mwa kila mtu, kitabu kile kinatisha maradufu: nani asiyeshtuka namba asiyoijua ikilia saa nane za usiku?

Wakanigeukia niamue. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua lugha, niliamua kwa sarufi, jambo lililomchosha kijana waziwazi. Neno mzimu halikuwekwa pamoja na watu. Wingi wake ni mizimu, kama miti na milima. Tena lina maana mbili: roho ya mfu, na pahala panapopelekwa tambiko. Mwandishi aliposema “mzimu wa watu wa kale”, kile kiunganishi “wa” hakikutusaidia hata kidogo, maana kinafaa mtu kama kifaavyo mti. Je, ni kiumbe au ni pango? Bwana Msa anaweza kumtaja muuaji, lakini hawezi kulitoa neno lile katika mashaka yake. Ndiyo maana hukumu yangu ilikuwa kwa mzee. Simu, nayo, ni chombo, ukiikata, imekatika.

Nakiri kwamba sina usafi kamili katika kesi hii. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wangu alininyang'anya Simu ya Kifo nikiisoma chini ya dawati, akasema hizo ni hadithi za kupotezea wakati. Wahakiki wamezipa jina la heshima kidogo, fasihi pendwa, lakini darasani bado zinaingia kwa mlango wa nyuma. Enyi walimu wenzangu, twalalamika kwamba wanafunzi hawasomi Kiswahili ila kwa kuogopa mtihani, hali hofu nyingine, ile impayo mtoto hamu ya kufunua ukurasa, twaifungia kabatini!

Kijana hakukubali kushindwa. Akatoa mkobani nakala yake aliyoinunua kwa muuza vitabu wa barabarani, jalada limebandikwa kwa gundi. Nilipoifunua nikaona kurasa za mwisho hazimo. Kumbe miaka yote hiyo amekuwa akimtetea Katalambulla pasipo kumjua muuaji!

“Basi ndiyo maana hulali,” mzee akasema, akirudia kushona akala.

Nilijitolea kumletea kijana nakala yangu iliyo kamili. Alifikiri kitambo, akakirudisha kitabu chake mkobani, kisha akaniomba nimletee Kisima cha Giningi badala yake.