Fahamu: Kafeini na Vimeng'enya vya Mwili Uzeekao

Mzee wa Nyamuswa anywaye kahawa ya Tarime jioni, kisha usingizi ukamhama hadi alfajiri, hana budi kufahamu kwamba kafeini huvunjwa na vimeng'enya vya ini, ambavyo kwa mtu mzima mwenye siha huondoa nusu yake kwa muda wa saa 5 hivi. Nalo ini hupungukiwa na damu kadiri umri uendavyo, hivyo huenda kazi hiyo ikaenda polepole zaidi kwa mzee. Katika tishu za wanyama, kafeini nyingi mno huzuia pia fosfodiesterezi, kimeng'enya kizimacho amri za homoni ndani ya seli, lakini kipimo hicho cha maabara hakifikiwi na kikombe, wala si halali kuitangaza kahawa kuwa dawa ya uzee. Arabika ya Tarime ina takriban nusu ya kafeini ya robusta ya Bukoba. Hata hivyo, ewe msomaji, wasihi wazazi wako wainywe asubuhi.